Wosia Uliosubiri Jiwe

Karani wa mirathi wa Kaunti ya Harlow alikuwa msichana wa Kizungu mwenye kucha za zambarau na sauti ya kusikika mpaka barabarani. Alimwuliza Verlene Bligen jina la marehemu, kisha akalirudia jina lenyewe kwa sauti ile ile, huku akigonga kompyuta: Ernestine Bligen, alikufa lini? Verlene alimtajia mwaka na mwezi aliokufa mama yake, karibu kwa kunong'ona, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na foleni, na katika foleni hiyo alikuwamo Bwana Rutledge wa duka la mbegu. Habari ikishaingia sikioni mwa Rutledge, sisi watu wa Harlow tunaihesabu kuwa imeshatangazwa kanisani.

Karani akatafuta kwa jina la mume, akatafuta kwa jina la usichana, kisha akatikisa kichwa. Hakukuwa na faili. Verlene akamwomba aangalie kwenye vile vitabu vikubwa vya rafuni, na msichana akamweleza, bila ubaya wowote, kwamba vitabu vile ni vya watu waliokufa kabla ya kompyuta. Marehemu wa miaka kumi na miwili iliyopita, kama mirathi yake ingekuwa imefunguliwa, angeonekana papo hapo kwenye kioo.

"Lakini aliandika," alisema Verlene. "Mama yangu aliandika wosia. Aliniambia kwa mdomo wake."

"Huenda aliandika, mama. Ila hapa haukuletwa."

Nyuma mtu alikohoa kile kikohozi cha kumwambia mwenzako amalize aondoke. Verlene alihisi masikio yakimwaka moto. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na viatu vya kubana, kwa kuwa mama yake alimfundisha kwamba mahakamani mtu haendi kama anayekwenda kuchuma bamia, na sasa alijiona mjinga ndani ya mavazi hayo.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Mpwa wake Lamont, mtoto wa marehemu Clarence, kaka yake Verlene, aliyezaliwa Philadelphia na ambaye hata siku moja hakuwahi kukanyaga Barabara ya Old Ferry iliko nyumba ya bibi yake, alikuwa ameiuzia kampuni ya nyumba za watalii fungu lake la urithi. Kampuni ilipolishika fungu hilo, ikaiomba mahakama iuze ardhi yote, nyumba na kila kilichosimama juu yake, kisha wenye haki wagawane fedha. Kesi ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Bila wosia, nyumba ilikuwa ya kila mwenye damu ya Ernestine, na sasa ya kampuni pia. Kwa wosia ilikuwa ya Verlene peke yake, na Lamont angekuwa ameuza kitu asichokuwa nacho. Wakili wa msaada wa kisheria, Bi Castellane, alimwambia neno moja tu: nitafutie huo wosia.

Wakili huyo alikuwa amemwuliza pia kwa nini miaka yote hiyo hakuutafuta, na Verlene akajibu kwamba hawakuwa tayari. Ukweli wenyewe aliona haya kumwambia mgeni. Kwa akina Bligen, na kwa watu wote wa upande wetu wa mto, mali ya marehemu haizungumzwi mpaka jiwe lisimame kaburini. Anayeuliza karatasi kabla ya jiwe huitwa mroho, mtu aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa akingoja pumzi ikatike. Na jiwe hununuliwa na watoto wote kwa pamoja, kila mmoja kwa mkono wake. Kaka yao mwingine, Hosea, alitoa chake mapema, akauza injini ya mashua yake kukipata. Clarence aliahidi kila Krismasi kwa simu. Verlene, kwa mshahara wake wa jikoni pale shuleni, angeweza kulinunua jiwe peke yake kwa kujibana kidogo, lakini alikataa kata kata. Mama alizaa watoto watatu, alisema, si mmoja. Basi wakamngoja Clarence mpaka Clarence naye akafa, akazikwa huko huko Philadelphia chini ya jiwe zuri jeusi alilolipiwa na mkewe. Mama yao mpaka leo ana kile kibao cha bati walichokichomeka wazishi siku ya mazishi.

"Alikuwa akiishi wapi alipofariki?" karani aliuliza ghafla, kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Nyumba yake iko hapa hapa Harlow."

"Siulizi nyumba, mama. Yeye mwenyewe alikuwa wapi?"

Mwaka wake wa mwisho Ernestine aliuishi Kaunti ya Tembrey kwa dada yake Ozella, kwa sababu pale ndipo palipokuwa na hospitali ya kusafisha damu, na safari za mara tatu kwa wiki zilikuwa zimemchosha. Karani akasema basi huenda mambo yake yalipelekwa huko, maana mirathi huifuata anwani ya mtu, haiifuati ardhi yake. Verlene alikuwa hajui. Sisi sote hatukujua. Kwa fikra zetu, karatasi za shamba hukaa kwenye kaunti ya shamba, kama ng'ombe anavyolala kwenye zizi lake.

Alipogeuka kuondoka, Rutledge aliinua kofia. "Bado mnatafuta tu, Verlene? Mimi nilisikia mmeshauza."

"Ulisikia vibaya," alisema Verlene, akapita.

Nyumbani alimkuta kaka yake Hosea jikoni, ndani ya kiti chake cha magurudumu, akimenya kamba juu ya gazeti. Kisukari kilimchukua mguu wa kushoto chini ya goti, lakini mikono yake bado ilikuwa ya mvuvi, na kamba walitoka maganda huku macho yake yakiangalia pengine. Alikuwa amevaa kofia yake ya zamani ya mashuani, ambayo kwa mtazamo wa dada yake ilistahili kuchomwa moto. Hakumwuliza kitu mpaka alipovua viatu.

Verlene alimweleza. Hosea alisikiliza, akatupa ganda.

"Mama hakuandika chochote, Verlene. Mama alikuwa mtu wa kusema."

"Aliandika. Aliniambia ameandika."

"Basi kama aliandika, mimi simo."

Hili lilikuwa jeraha la zamani na halikuwa limepona. Mwezi wa mwisho wa uhai wa mama yao Hosea alikwenda Tembrey kumwona, akafika amelewa chakari, akaanguka kwenye ngazi za Ozella mbele ya mchungaji. Mama yake akamwambia kwa sauti ndogo kwamba amechoka kumbeba. Hosea hakunywa tena tangu siku ile, hata tone, lakini mama hakuishi kuliona hilo. Miaka kumi na miwili amekaa katika nyumba ya Old Ferry kama mpangaji mwenye adabu kupita kiasi. Akitaka kipande cha mkate wa mahindi, anaomba. Akipigilia msumari ukutani, anaomba kwanza.

"Wakiuza, waniuze pamoja na kiti," alisema. "Hawa watalii wanapenda vitu vya kale."

Verlene alicheka bila kupenda, kisha akageukia jiko asionekane uso. Nyumba ile ilikuwa na njia ya mbao aliyomjengea Hosea kwa mikono yake ili kiti kipande barazani, na milango miwili iliyopanuliwa. Nje ya nyumba hiyo Hosea alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, nyumba ya wagonjwa ya kaunti, kule ambako wazee huketishwa mbele ya televisheni tangu asubuhi. Aliwahi kumwambia dada yake kwamba siku atakayopelekwa kule, asijisumbue kumpelekea nguo nyingi.

Mama mkubwa Ozella, ambaye Verlene alimfuata Tembrey siku iliyofuata, alikuwa amekula chumvi nyingi, na macho yake yalikuwa yamebaki ya kutambua mwanga na kivuli tu. Lakini alimtambua Verlene kwa hatua zake barazani, akamwita kwa jina la utotoni, akamlazimisha kula wali mwekundu kabla ya neno lolote. Verlene alikula. Kwa Ozella hakuna mazungumzo kwenye tumbo tupu, awe amekuja mchungaji au mtoza kodi. Sahani ilipoondolewa, Verlene akapiga moyo konde na kuuliza.

"Mama mkubwa, mama aliandika wosia hapa kwako?"

Ozella aligeuza uso kuelekea sauti yake. Mikono yake ilitafuta ukingo wa meza ikaushika.

"Jiwe limesimama?" aliuliza.

"Bado, mama mkubwa."

"Hata sasa?"

"Hata sasa."

"Basi mbona unaniuliza, mwanangu?"

Verlene alimweleza habari za Lamont, kampuni na Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Alipomaliza, bibi yule alikuwa akilia bila sauti, machozi yakishuka kwenye mikunjo ya uso na yeye hayafuti.

"Uliandikwa hapa, kwenye meza hii," alisema. "Akamwita wakili yule mwenye kigugumizi, Mungu amrehemu, na majirani wawili wakatia sahihi. Tulipomzika nikaupeleka mahakamani kwa mkono wangu. Yule wakili aliniambia karatasi ya maiti haikai nyumbani, ipeleke kwa jaji. Nikaipeleka, nikapewa risiti, nikajua kazi imekwisha. Nikasema watoto wakishasimamisha jiwe watakuja, nitawaambia ilipo. Kila mwaka nikawa nauliza, jiwe tayari? Wewe mwenyewe ukawa unaniambia bado, Clarence hajaleta."

"Ungeniambia tu, mama mkubwa."

"Niseme mambo ya mali ya dada yangu na kaburi lake halina jina? Ungeniona mtu wa namna gani?"

Verlene alijua angemwona mtu wa namna gani. Angekwenda nyumbani na kumsema kwa Hosea wiki nzima. Alimkumbatia yule mzee, akamwambia asilie, mambo sasa ni mazuri, kwa kuwa karatasi ikiwa mahakamani iko salama. Na aliyaamini hayo. Aliliendesha pikapu lake kuelekea mjini Tembrey akiimba wimbo wa kwaya, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu notisi ya kampuni ilipofika.

Karani wa Tembrey alikuwa mwanamke mtu mzima, mweusi kama sisi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na kwanza naye alisema hakuna mirathi ya Ernestine Bligen. Verlene akaeleza kwamba wosia uliletwa kwa mkono na mwanamke aitwaye Ozella, wiki ile ile ya mazishi. Karani akasema kumbe, hilo ni jambo jingine, wosia zilizoletwa tu hukaa mbali na mirathi zilizofunguliwa. Akampa fomu aijaze, akaingia chumba cha nyuma, akakaa huko muda wa kumtosha Verlene kusoma matangazo yote ya ukutani. Alirudi na bahasha nyembamba ya rangi ya kaki.

"Ndio huu. Unataka nakala ya kawaida au yenye muhuri?"

"Yenye muhuri. Ni ya kupeleka kwa jaji."

Ada haikuwa kubwa, lakini ofisi haikupokea fedha taslimu, na Verlene hakuwa na kadi. Ilibidi avuke barabara mpaka duka la dawa, anunue hundi ya malipo, na kule kijana wa dukani akazishika noti zake moja moja kwenye mwanga kuona kama ni za kweli. Siku nyingine angemwambia neno. Siku ile alimwambia ahsante, akavuka barabara nusu akikimbia.

Karani alipiga muhuri, akatia sahihi, lakini hakuiachia karatasi mara moja. Aliuliza kama kuna mtu yeyote wa familia aliyewahi kuja kuufungua, yaani kumwomba jaji authibitishe. Verlene akasema si ulikuwa hapa kwa jaji siku zote? Yule mama alimtazama juu ya miwani kwa huruma ambayo Verlene hakuipenda hata kidogo.

"Mimi hapa natoa nakala, dada yangu. Ushauri siruhusiwi kuutoa. Lakini mpigie wakili wako leo. Usingoje kesho."

Aliusoma ndani ya pikapu, madirisha yamefungwa. Ulikuwa ukurasa mmoja na kipande. Aliposikia sauti ya mama yake katika maneno yale alilia mpaka kioo kikapata ukungu, na kilio hicho kilikuwa cha furaha. Kisha akampigia Bi Castellane, akamsomea kila neno pamoja na tarehe za mihuri.

Wakili akamwuliza tena tarehe ya kifo, polepole, kama anayetumaini kwamba safari hii itatajwa nyingine.

Alikuwa mwanamke mwema na hakumzungusha. Kuupeleka wosia mahakamani, alisema, ni kuuweka tu. Ili uwe na nguvu lazima mtu aje aombe uthibitishwe, na sheria ya jimbo lao inatoa miaka kumi tangu kifo. Baada ya hapo marehemu huhesabiwa kuwa hakuandika kitu. Angejaribu, alisema, angesimama Ijumaa na kusema yote atakayoweza, lakini hakutaka Verlene aende pale na matumaini ya uongo. Mahakama ingempa kwanza nafasi ya kulinunua fungu la kampuni kwa bei ya soko. Je, alikuwa na namna? Verlene alitazama bei ya ardhi ya ufukweni ilivyobandikwa kwenye dirisha la dalali ng'ambo ya barabara, akasema hapana.

Alikaa mle ndani ya gari mpaka maegesho yakabaki matupu. Hasira ilimjaa na ilikosa pa kutua. Clarence alikuwa amekufa. Ozella alikuwa mzee aliyefanya alilofundishwa. Lamont hakuwa hata na sura ya kuchukiwa. Aliyebaki ni yeye, aliyekataa miaka yote hiyo kununua jiwe peke yake ili Clarence aone aibu, na Clarence hakuona. Maumivu yalikuwa pale hasa, na yalimchoma kweli kweli, kwa kuwa alifanya hivyo kwa kumheshimu mama yake.

Njiani alipanga maneno. Angeanza na habari za sheria, kisha habari za kuhama, kisha, Hosea akishatulia, angemtajia ile nyumba ya wagonjwa na kumwapia kwamba atatafuta chumba cha kupanga kisicho na ngazi, hata kama ni kule mjini Charleston, hata kama ni kimoja. Lakini alipoingia barazani alimkuta kaka yake amekiegesha kiti chake mlangoni, amenyoa ndevu, amevaa shati safi, na maneno yote yakampotea.

"Umeupata," alisema Hosea. Hakuwa anauliza.

"Nimeupata."

"Mimi simo."

Verlene alivuta kigoda akakaa mbele yake, magoti yao yakakaribia kugusana. Alifungua karatasi na kuanza kusoma. Mama yao alisema ana akili timamu. Alisema Clarence alishapata chake alipolipiwa safari ya kwenda kaskazini. Alisema nyumba na ardhi yake yote anampa binti yake Verlene, maana ndiye aliyebaki.

"Na mwanangu Hosea," alisoma, "akae humo mpaka kufa kwake, katika chumba cha upande wa mto anachokipenda, na mtu yeyote asimwite mgeni."

Kidole cha Hosea kilikuwa kikipita juu ya mkono wa kiti, kwenda na kurudi.

"Tarehe gani aliandika?"

Verlene alimwonyesha. Ilikuwa wiki moja baada ya siku ile ya ngazi za Ozella. Hosea aliiangalia tarehe hiyo muda mrefu, akiisogeza karatasi karibu na macho.

"Alijua vile nilivyo," alisema, "na bado akaandika hivi."

"Alijua."

"Sasa hao wa kampuni wakiyasikia haya, si watatuacha?"

Hapa ndipo angeweza kumdanganya, na moyo wake ulitaka. Alikuwa amechoka, na uso wa kaka yake ulikuwa umefunguka kuliko alivyouona kwa miaka. Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja hata kama angenyamaza.

"Hawatatuacha, Hosea. Tumechelewa. Ilitakiwa tuende miaka ile, na sisi tulikuwa tunangoja jiwe. Kwa sheria ni kama mama hakuandika chochote."

Hosea aliitikia kwa kichwa, mara moja, halafu tena. Alitazama ndani ya nyumba, milango iliyopanuliwa, misumari michache aliyoipigilia kwa ruhusa. Verlene alingoja alie, au atukane, au aseme lile neno lake kuhusu nguo chache. Alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo.

"Lakini aliandika," alisema Hosea.

"Aliandika."

"Basi soma tena. Pale penye mimi."

Verlene aliifuta karatasi kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi, akaanza tena pale penye Hosea. Safari hii Hosea alivua kofia yake, akaiweka juu ya paja, na hakuivaa mpaka dada yake alipomaliza.